Homa ya Mtoto na Shauri la Kungoja Kuche

Katika majumba ya pwani yetu, tangu Lamu hata Vanga na tangu Tanga hata Lindi, hakuna maradhi yaliyozoeleka kama homa ya mtoto mdogo, wala hakuna yanayozusha rai mbili zinazopingana chini ya paa moja kama hayo. Rai ya kwanza husema kwamba mtoto anaota meno, au amecheza juani kutwa, au amepatwa na mafua yaliyoenea mtaani, na kwamba akilala atapoa. Rai ya pili hukumbuka mtoto wa jirani aliyelazwa jioni na homa kama hiyo hiyo, na kulipokucha watu wakaanza kuulizana habari za sanda. Baina ya rai hizo husimama mama, kiganja chake juu ya paji la mwanawe, akitakiwa kukata shauri ambalo hata tabibu aliyesoma miaka mingi hulikata kwa hadhari: ampeleke sasa, au angoje kuche? Nimekusudia kulishughulikia swali hilo peke yake, kwa sababu kwa mtoto aliye chini ya miaka mitano jibu lake aghalabu ndilo linaloamua mengine yote, na kwa sababu elimu ya kulijibu ipo, imepatikana katika ardhi yetu wenyewe, na haihitaji chombo ghali, ila macho, masikio na moyo uliotulia.

Mwaka 1995 jarida la udaktari la New England Journal of Medicine lilichapisha matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika hospitali ya Kilifi na Kevin Marsh pamoja na wenziwe. Waliwachunguza watoto 1,844 waliolazwa hapo kwa ugonjwa wa malaria, wakitaka kujua ni dalili zipi, miongoni mwa nyingi zinazoonekana mtoto anapofikishwa, zinazotangulia mauti. Watoto 64 walifariki, na katika kila vifo 100, 84 vilitokea kabla ya saa 24 kutimia tangu mtoto kulazwa. Namwomba msomaji asiipite hesabu hiyo kwa haraka. Hospitali ilikuwa na madaktari na ilikuwa na dawa, walakini wengi wa watoto wale walipofika mlangoni, wakati uliowasalia duniani ulikuwa mfupi kuliko wakati ambao dawa yahitaji ili ifanye kazi yake. Na saa zile zilizokosekana hazikupotea hospitalini, zilipotea nyumbani, njiani, dukani na kwa mganga.

Jambo la pili walilolibaini ndilo lenye manufaa makubwa zaidi kwa mzazi. Katika watoto 64 waliofariki, 54 walikuwa na mojawapo ya dalili mbili, au zote mbili kwa pamoja: fahamu zilizopungua, na kupumua kwa taabu. Ukali wa joto la mwili, ambao ndio sisi hupima kwa kiganja na kuuhofu kuliko mengine yote, haumo katika dalili hizo mbili. Mtoto aweza kuwaka moto na bado akawa salama kwa usiku huo, na mwingine akawa na joto la kadiri tu, hata watu wa nyumbani wakajipa moyo, ilhali anakwisha.

Sababu yake inafahamika. Vimelea vya malaria vya aina iliyo kali kuliko zote, Plasmodium falciparum, huingia ndani ya chembe nyekundu za damu na kuzifanya zigande kwenye kuta za mishipa midogo kabisa, ile ya ubongo ikiwamo, hata damu ikashindwa kupita kama ipasavyo. Wakati huo huo chembe nyingi huharibika, sukari ya damu hupungua, asidi huzidi mwilini, na mtoto huanza kuvuta pumzi za kina na za haraka, kwa kuwa mwili unajaribu kuitoa asidi ile kwa njia ya pumzi. Kwa hiyo kulegea kwa mtoto, na kuhema kwake, ni habari ya mambo yaliyokwisha kutendeka ndani ya damu yake, na kila saa ipitayo huyaongeza.

Basi ni nini hasa cha kutazamwa? Atazamwe mtoto kama anamjua mama yake. Akiitwa jina lake, hugeuka? Akiletewa kitu akipendacho, hukifuata kwa macho? Aliyekwisha jua kukaa, anakaa, au akiinuliwa huanguka upande? Anyonyaye, hulishika ziwa na kulivuta kwa nguvu, au huliacha likatoka kinywani bila kulitaka tena? Joto kali peke yake humlegeza mtoto yeyote, na kwa ajili hiyo yafaa kumpa paracetamol kwa kipimo cha uzito wake na kumvua nguo nzito, kisha, joto likishuka, kumtazama upya. Akitaka maji, akacheza, akamchokoza nduguye, hiyo ni alama njema, lakini joto likiwa limeshuka na yeye bado amelegea, hanywi na hatambui, hapo hapana tena la kungojea, wala la kumshauri mtu. Ikiwa mtoto amekwisha lala kiasi cha kutoamka hata akitikiswa, basi hata hiyo paracetamol asipewe, kwa kuwa yaweza kumpalia, abebwe aende.

Pumzi nazo huhesabiwa. Mtoto akiwa ametulia, halii wala hanyonyi, fulana yake ikunjwe juu, na mtu mwenye saa, au simu yenye saa, ahesabu kifua kinavyopanda kwa muda wa dakika nzima. Aliye chini ya miezi miwili akifika pumzi 60, aliye na miezi miwili lakini hajatimiza mwaka akifika 50, na aliye na mwaka mmoja hata mitano akifika 40, huyo anapumua kwa haraka isiyo ya kawaida, na huenda ana nimonia. Mbavu za chini zikibonyea ndani kila avutapo pumzi, au akikoroma ilhali yu macho, hesabu haihitajiki tena. Nimewaona akina mama wasiojua kusoma wakihesabu pumzi kwa punje za mahindi, wakiweka punje kumi kumi, na hesabu zao zikawa sawasawa na za mwuguzi.

Dalili nyinginezo nitazitaja kwa ufupi, si kwa kuwa ni ndogo, bali kwa kuwa hazina utata. Mtoto anayetapika kila anachopewa, hata maji, hawezi kuponywa kwa dawa ya kunywa. Viganja vilivyokuwa vyekundu vikawa vyeupe ni alama ya damu iliyokwisha. Macho yaliyodidimia, na ngozi ya tumbo ambayo ikifinywa hukawia kurudi, ni alama ya maji yaliyokwisha. Shingo iliyokakamaa, au utosi uliovimba, huhofiwa kuwa homa ya uti wa mgongo. Na mtoto ambaye hajatimiza miezi miwili yuko katika hukumu ya peke yake, kwani akiwa na homa yoyote, au akawa baridi kupita kiasi, au akaacha kunyonya, hapelekwi kesho, hupelekwa saa ile ile, kwa sababu mtoto wa umri huo hana akiba ya nguvu, na maradhi yake hayatoi onyo mara mbili.

Sasa nije kwenye degedege, maana hapana ugonjwa uliotenga nyumba na hospitali katika pwani yetu kama huo. Mtoto aliyekuwa na homa mara hukakamaa, macho yakageuka juu, mikono na miguu ikatikisika, povu likamtoka, na kila aliye chumbani akashikwa na fadhaa. Wazee waliiona hali hiyo haifanani na homa wanayoijua, wakaipa asili yake mbali, ya pepo na ndege wa usiku, na upande wa Mombasa na Kilifi ikatajwa kwa jina la nyuni. Na madhali asili yake haikudhaniwa kuwa ya mwili, tiba yake haikutafutwa kwa tabibu wa mwili. Watafiti waliofanya kazi Bagamoyo katika miaka ya 1990 waliandika mambo waliyoyakuta: mtoto wa degedege kufukizwa moshi wa kinyesi cha tembo, au kukojolewa, na juu ya hayo imani iliyoenea kwamba sindano humwua mtoto mwenye degedege.

Sioni kwamba imani hiyo ilizaliwa na ujinga. Tuwaze mambo yalivyokwenda. Mtoto alianguka usiku, akapelekwa kwa mganga, akafukizwa siku nzima, na mganga aliposhindwa ndipo akabebwa kwenda hospitali, akafika fahamu hana, akachomwa sindano, na baada ya saa moja akafa. Waliokuwapo waliona sindano, kisha wakaona mauti, na yale mawili yakaunganishwa na macho yaliyojaa machozi. Na jambo hilo likitokea mara mbili au tatu katika kijiji kimoja, hakuna hotuba iwezayo kulifuta. Kuchelewa ndiko kulikoua, na sindano ikabeba lawama, na lawama ile ikamchelewesha mtoto wa pili. Mtu akitaka kuivunja imani hiyo hataivunja kwa kuwacheka bibi zetu. Ataivunja pale ambapo watoto watafikishwa mapema, wakachomwa sindano, na wakarudi nyumbani wakitembea, watu wote wakiona.

Na sindano yenyewe siku hizi ni bora kuliko ile ya zamani. Mwaka 2010 yalitangazwa matokeo ya jaribio kubwa lililofanywa katika nchi tisa za Afrika, juu ya watoto 5,425 wenye malaria kali, Muheza na Korogwe zikiwa miongoni mwa mahali lilipofanyika. Waliotibiwa kwa kwinini walifariki 10.9 katika kila 100, na waliotibiwa kwa artesuneti walifariki 8.5. Iko pia artesuneti ya kuwekwa katika njia ya haja kubwa, ambayo mhudumu wa afya aliyefunzwa humpa mtoto asiyeweza kumeza, akiwa mbali na hospitali, ili imsaidie njiani. Lakini dawa hiyo ni ya kumsindikiza tu, na mtoto aliyepewa akaonekana amepata nafuu hana budi kuendelea na safari.

Degedege linapomshika mtoto, alazwe kwa ubavu, kitu cho chote cha kumdhuru kiondolewe karibu naye, na asitiwe kitu kinywani, si kijiko, si kidole, si maji, si dawa. Itazamwe saa. Likikwisha, apelekwe hospitali hata kama amezinduka na kuomba chakula. Liko degedege liletwalo na joto tu, ambalo huwapata baadhi ya watoto baina ya miezi sita na miaka mitano na kupita bila ya kuacha athari; na liko lile liletwalo na malaria iliyofika ubongoni, au na homa ya uti wa mgongo. Kwa dakika zile za kwanza yote hufanana, na hapana mzazi, wala mganga, wala daktari awezaye kuyapambanua kwa kutazama peke yake.

Lipo kosa lingine ambalo halitokani na imani za kale, bali na mazoea mapya, nalo ni kudhani kwamba kila homa ni malaria, na kwamba dawa ya mseto ikinunuliwa dukani basi shauri limekwisha. Zamani dhana hiyo ilikuwa na msingi. Leo msingi huo umebomoka sehemu nyingi. Watafiti waliowachunguza watoto 1,005 wenye homa waliofika zahanati na hospitali za Dar es Salaam na Ifakara mwaka 2008, matokeo yakachapishwa mwaka 2014, walikuta malaria kwa mtoto mmoja tu, au kidogo zaidi, katika kila kumi, na zaidi ya nusu wakawa na maradhi ya njia ya hewa. Hivyo mzazi anayemnywesha mwanawe mseto bila ya kipimo, akangoja siku tatu dawa ifanye kazi, huenda katika siku hizo tatu anaiacha nimonia ikomae. Shirika la Afya Duniani liliagiza mwaka 2010 kwamba kila anayedhaniwa kuwa na malaria apimwe kwanza, na kipimo chenyewe, kile cha tone la damu ya kidole, hutoa jibu kwa muda wa robo saa. Maduka ya dawa muhimu, ambayo Tanzania iliyaanzisha Ruvuma mwaka 2003, yameleta dawa nzuri hata vijijini, nami nawaheshimu wauzaji wake. Lakini muuzaji huona fedha na husikia maneno ya aliyetumwa, mtoto mwenyewe hamwoni.

Kuhusu kukata kimeo kwa mtoto anayekohoa, na kuchimbua fizi za mtoto anayeharisha kwa madai kwamba ana meno ya plastiki, sitasema mengi. Kimeo si chanzo cha kikohozi, na kile kinachochimbuliwa katika fizi ni chipukizi la jino halali ambalo halijatoka. Mtoto aliyekuwa na nimonia hutoka hapo akiwa na nimonia pamoja na jeraha linalovuja damu, na safari ya hospitali imeahirishwa kwa siku mbili.

Nimesema juu ya dalili, na laiti dalili zingetosha. Lakini mama wengi huziona na bado hawaondoki. Kisa chake kiko katika desturi za nyumba. Bwana yuko baharini, au yuko Dar es Salaam kazini, simu yake imezimwa, na kumtoa mtoto usiku bila ya idhini yake ni jambo ambalo kesho litaulizwa. Mama mkwe, ambaye amelea saba na kuzika wawili, husema kwa mapenzi, "Mwanangu, hujalea wewe, ngoja kuche," na mkwewe, kwa adabu aliyofunzwa, hujibu, "Hewala, mama," ingawa moyo wake hauko radhi. Fedha ya bodaboda iko katika mfuko wa mtu mwingine. Mlango wa kuombea msaada ni wa jirani ambaye mwaka jana waligombana. Hivyo saa tano huwa saa nane, na saa nane huwa alfajiri, bila ya mtu yeyote katika nyumba ile kuamua kwamba mtoto asipelekwe.

Mimi nasema kwamba idhini hiyo haifai kuombwa usiku wa maradhi. Itolewe mchana, watu wote wakiwa wazima, mbele ya mama mkwe na mashemeji, kwa maneno yaliyo wazi: mtoto akishindwa kunywa, akitapika kila kitu, akilegea, akishikwa na degedege au akipumua kwa taabu, mama ana ruhusa ya kuondoka saa hiyo hiyo, na hataulizwa. Fedha ya kwenda na kurudi iwekwe mahali anapopajua yeye. Namba ya dereva wa bodaboda anayekubali safari za usiku iandikwe ukutani. Katika zahanati na vituo vya afya vya serikali ya Tanzania matibabu ya watoto walio chini ya miaka mitano yamesamehewa malipo, ingawa mara nyingine dawa hukosekana na mzazi huambiwa akanunue. Kwa hiyo akiba kidogo bado yahitajika, na baba aliyeiweka mapema ametibu nusu ya ugonjwa kabla haujaingia. Na kwa mama mkwe ningependa kusema kwa heshima zote: uzoefu wake ni mali kubwa, na ungefaa kuwa wa kwanza kusema, "Ondoka, nami nakufuata."

Ni haki pia kusema kwamba si kila homa ni ya kukimbizwa usiku. Mtoto aliyepita miezi miwili, mwenye homa na kamasi, ambaye anakunywa, anatambua, anapumua vizuri na amekojoa, aweza kungoja kuche akiwa anaangaliwa, na asubuhi apelekwe kupimwa malaria, maana katika nchi zenye malaria homa yafaa kupimwa na kutibiwa ndani ya saa 24 tangu ilipoanza. Homa ya namna hiyo yaweza kungoja kuche mara moja. Haiwezi kungoja kuche mara mbili.

Wako na wenye dhamana upande wa pili wa meza. Mama aliyefika saa nane za usiku na mtoto ambaye baadaye ameonekana hana jambo kubwa, akapokewa kwa maneno ya "umetuamshia mafua," ataukumbuka usiku ule pale mtoto huyo huyo atakapopatwa na maradhi ya kweli, naye atangoja. Wauguzi wetu ni wachache, wamechoka, na wengi wao hufanya kazi ya watu watatu. Najua hayo na nayasema kwa huruma. Lakini neno moja la ukali hapo dirishani laweza kufunga njia ambayo serikali imetumia miaka mingi kuifungua.

Na kuna shauri la mwisho, ambalo nyumba nyingi hulisahau kwa sababu ya furaha ya kupata dawa, nalo ni shauri la kurudi. Mama aliyetoka zahanati jana huona haya kurudi leo, akidhani ataonekana amemdharau tabibu au hana subira, na mtoto huzidi kudhoofu nyumbani ilhali chupa ya dawa iko juu ya meza. Tabibu mwema humwambia mzazi, kabla hajaondoka, dalili gani zikitokea arudi mara moja, na asipomwambia, mzazi ana haki ya kuuliza na kusimama hapo hata ajibiwe. Dalili ya hatari ikizuka, arudi hata kama dozi ni ya kwanza. Isipozuka, lakini homa ikadumu hata siku ya tatu, arudi vile vile. Arudi na cheti na dawa zilizobaki, aeleze homa ilianza lini, mtoto amemeza nini na saa ngapi, mitishamba nayo isifichwe, ni lini mara ya mwisho alipokojoa, na kama alipata degedege, lilichukua dakika ngapi.